Mbuzi wa Tukio la Kumi na Nne

Mnamo Machi 1938 kampuni ya filamu za katuni ilitangaza, kwa barua iliyobandikwa kwenye kila mlango, kwamba michoro yote ya mbuzi Tolliver ni mali adhimu ya kampuni, itahifadhiwa daima, na haitatoka jengoni pasipo kibali cha maandishi. Mkurugenzi mwenyewe alitia saini. Asubuhi hiyohiyo, ghorofa ya chini, Ardith Kovalik alikuwa ameingiza mikono hadi viwiko katika beseni la maji ya moto, akimsugua Tolliver atoke.

Tolliver alichorwa kwa wino juu ya karatasi za plastiki, akapakwa rangi kwa nyuma, akapigwa picha. Baada ya hapo plastiki, iliyokuwa ghali, ilioshwa ikachorwa upya. Wanawake wa chumba cha wino walipokezana beseni, kila mmoja wiki yake. Filamu ya dakika saba ilimeza karatasi maelfu, na Hollywood nzima haikuona ajabu yoyote. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikichora mawingu na uzio vya nyuma ya mbuzi, na sikuona pia.

Ardith alikuwa pale tangu filamu ya pili ya mbuzi huyo, hajawahi kuchelewa, na tangazo alilisoma mpaka saini. Kushoto kwake alikuwa akikaa Consuelo Arrieta, ambaye mstari wake ulianza mwembamba, ukanenepa, ukamalizika kama unywele. Majira hayo Consuelo alikuwa hospitali ya kifua, kule milimani. Ardith alipokwenda kumtazama, mgonjwa alimwomba kitu kimoja: karatasi moja ya tukio la kumi na nne, aliyoitia wino mwenyewe, mbuzi akiwa ndani ya bafu.

“Binti yangu anadhani nadeki sakafu huko,” alisema. “Nataka aone kabla sijaondoka.”

“Unaondoka kwenda wapi?”

“Usijifanye mjinga, mwenzangu.”

Wengine tungeificha karatasi chini ya koti. Ardith alimwendea msimamizi, Bwana Pruett, akaomba kibali. Bwana Pruett, mtu mwema ambaye hakuwahi kuamua jambo lolote, alimpa fomu. Fomu ikapanda ghorofani.

Jumanne tukio la kumi na nne lilitoka kwa kamera na kushushwa kwenye beseni, karatasi arobaini na moja, na wiki ilikuwa ya Ardith. Nilipita mlangoni nikamkuta amesimama anaziangalia. Nikamwambia achukue moja, nani angehesabu?

“Kibali hakijarudi,” alisema.

“Basi weka moja kando hadi kirudi.”

“Kuweka kando nako kunataka kibali, Bwana Ostrander. Nimeuliza.”

Akaziosha zote. Kwa kutumia sifongo, kama ilivyoelekezwa, bila kukwaruza.

Kibali kilirudi Ijumaa. Kilikuwa na mihuri miwili.

Jumamosi Ardith alikuja ofisini siku isiyo ya kazi, akivunja utaratibu kwa mara ya kwanza. Alinunua karatasi ya plastiki kwa pesa zake, akachukua mchoro wa penseli wa tukio hilo, ambao wino hufuatishwa juu yake, akamtia wino mbuzi kwenye bafu. Alijaribu mara tisa kuiga mkono wa rafiki yake. Kisha akapanda basi kwenda milimani.

Consuelo aliinua karatasi dirishani, akaitazama muda mrefu.

“Huu si mkono wangu,” alisema.

Ardith alimweleza yote: fomu, beseni, Jumanne. Consuelo alisikiliza, akakohoa, akasema kwamba kwa vyovyote pembe zilikuwa zimekaa vizuri. Binti alipoingia, mama alimwambia, “Tazama, hii ni kazi yangu,” na Ardith, aliyekuwa hajasema uongo tangu shule ya msingi, akaitikia kwa kichwa. Consuelo alifariki mwezi wa Mei.

Mfululizo wa Tolliver uliendelea hadi filamu mia moja na kumi na nane, kisha kumbi za sinema zikaacha kuagiza katuni. Ardith alistaafu, akazawadiwa saa ya mkononi. Nilipomuuliza, uzeeni, alisema hakujutia ule uongo. Alijutia Jumanne, hasa kwa kuwa maji yalikuwa ya moto sana na kazi ilikwisha upesi.

Mwaka 1961 kampuni ilihitaji mahali pa kuegesha magari, ikachoma michoro yote iliyokuwa ghalani. Karatasi pekee ya tukio la kumi na nne iliyobaki iko kwa binti wa Consuelo, na karatasi hiyo haikupigwa picha na kamera kamwe.