Sauti ya Rangi ya Sambaza

Nilikuwa na miaka tisa nilipomwambia shangazi yangu kwamba sauti yake ni ya kijani, kijani cha sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, iliyolala tangu jana. Sikumtukana. Tangu nikumbuke, kila sauti hunijia na rangi yake, kama supu ijavyo na harufu yake; huwezi kupokea moja ukakataa nyingine. Lakini shangazi ni mtu wa kukasirika kwanza na kufikiri baadaye, kama anafikiri. Kesho yake akanishika mkono, akajitwika beseni la sadaka kichwani, tukapanda hadi chumba cha maombi ambacho mama mmoja mwombezi alikuwa amekifungua sebuleni mwake.

Sisi ni Wakatoliki, tuna padre wetu na misa yetu, lakini mambo ya pepo watu wa kwetu huyapeleka kwenye sebule za namna hiyo. Mama yangu hakukataa. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

Mwombezi alikuwa na kitambaa cheupe kichwani na sauti aliyoipenda kuliko mtu yeyote mle ndani.

— Na sauti yangu, iko na rangi gani?

Nilikuwa mjinga wa kuamini kwamba anayeuliza anataka jibu.

— Ya sambaza, maman. Zenye zilikauka.

Yeyote aliyekula visamaki hivyo vya ziwa letu anaijua rangi hiyo, fedha iliyofifia. Kwake ilitosha.

— Mulisikia? Anaona samaki! Huyu mutoto, pepo ya ziwa njo inamusumbua!

Rangi ikawa samaki, samaki akawa ziwa, ziwa likawa pepo, na sebule nzima ya watu wazima, mmoja wao mwalimu wa hesabu, wakaitikia Amina. Dawa ilikuwa siku tatu bila kula, kisha mwaka mzima nisile sambaza wala kukaribia ziwa. Hapa Bukavu, ambako kila mteremko unaishia ziwani! Beseni la shangazi lilikuwa limejaa sambaza, maana ndizo tulizokuwa nazo nyumbani. Zilibaki kwa mwombezi ili ziombewe, na sina shaka ziliombewa, kabla ya kuliwa.

Siku ya tatu nikaelewa wanachotaka. Pale, anayefunguliwa kutoka kwa pepo husimama akatoa ushuhuda. Asipotoa, siku zinaongezwa. Nikasimama nikasema sauti zote sasa hazina rangi. Wakapiga makofi, na makofi yao yalikuwa ya rangi ya chungwa bovu. Shangazi akalia kwa furaha. Nikapewa uji. Nimewadharau wote tangu uji ule.

Nilipokuwa mtu mzima nikasoma kwenye simu kwamba jambo hili lina jina, sinestesia. Kwamba kwa baadhi ya watu hisi mbili huja pamoja, wengine wakaona namba zina rangi, wengine wakaonja maneno, na kwamba aghalabu hurithiwa. Nikamdharau mwombezi upya, safari hii kwa ushahidi.

Kisha mwaka huu binti yangu, anayesoma shule ya msingi, primaire, hapa mtaani Muhumba, akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

— Maman, trois iko vert. Na sauti yako iko bleu. Na weye unaonaka?

Kwa Kifaransa chake cha shule, tatu ilikuwa ya kijani na sauti yangu ya buluu. Shangazi, ambaye uzee umemleta kuishi kwangu, alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Mikono yake ikasimama. Nilijua anawaza sebule gani.

Nyumba ni yangu, mtoto ni wangu, sambaza zilikuwa zinakaangwa jikoni mwangu.

— Hapana, nikasema. Miye sionake kitu.

Shangazi akarudi kwenye maharage yake. Binti yangu akapunguza sauti.

— Maman, sauti yako iligeuka. Haiko tena bleu.

— Sasa iko namna gani?

— Kama sambaza.

Dharau yote niliyowawekea watu wa sebule ile ikanirudia, ikanikaa sawasawa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo changu. Niliona aibu mbele ya mtoto wa miaka sita. Nikageuza kiti, nikamwelekea shangazi ili asikie vizuri.

— Nilimudanganya mutoto. Minaonaka, sikuachaka hata siku moja. Na huyu hatapanda kule. Na sauti yako, shangazi, ingali ya sombe yenye kulala.