Kinu Kilichoanza Kunywa Maji

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani mti ukishakatwa na kukauka basi mnaweza kuufanyia lolote. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kinu nakijua.

Kinu chetu alikichonga marehemu mume wangu tulipooana. Kwetu, mahindi ya muthokoi, yale ya kupikwa bila maganda, hutwangwa yakiwa yamenyunyiziwa maji, ili maganda yatoke. Kwa hivyo kinu hulowa kila mara. Nilikuwa nikimaliza nakifuta, nakipaka mafuta ya ng'ombe. Mafuta yakaingia ndani ya mti miaka na miaka, mpaka ukimwaga maji yanateleza tu kama juu ya jani la nduma.

Kijana wangu naye ni mchongaji wa viti na vijiko. Wachongaji wa siku hizi huosha mti kwa soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, ili unywe rangi haraka. Binti yake alikuwa anatarajia wageni wa posa, naye akataka vyombo vya nyumbani vipendeze. Mimi nilikuwa Kangundo kumwona dada yangu. Kurudi, nakuta kinu kiko juani, kimekuwa cheupe kama kondoo aliyenyolewa.

"Mwaitu," akaniambia, ndivyo sisi humwita mama, "nimekutolea ule weusi wote. Si kinapendeza?"

"Umekipaka nini?"

"Soda tu. Na nikasuuza vizuri."

Nikapitisha mkono ndani. Kinakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nikamimina kikombe cha maji. Yakazama yote tukiangalia.

Mke wake akacheka. "Mama, hiki kinu ni mlevi wa mwisho wa mwezi. Muongeze!"

"Mlevi ni aliyemnywesha soda," nikasema.

Kijana akaanza kueleza. Soda imekula mafuta yaliyokuwa ndani, imefungua vitundu vya mti. Hivyo vitundu ndivyo hupokea rangi.

"Basi vifunge."

Akaangalia viatu vyake. "Kuvifungua ndiko najua, mwaitu."

Nikachemsha mafuta, nikapaka. Kikameza. Nikapaka tena, kikameza. Tukajaribu kutwanga, maji yakaingia vilevile na mahindi yakanuka sabuni, tukayatupa shimoni. Kikilowa kinavimba, jua likikipata kinasinyaa. Ufa ukatokea mdomoni, mwembamba kama uzi. Kijana akakifunga waya. Ufa ukapita chini ya waya, ukaendelea na safari yake. Hapa nyumbani nikisema kitu kinafanywa, hata wazee wa kanisa wanajua. Ufa haukunisikia. Ningefanya nini? Nilikuwa nakaa karibu nacho nikichambua maharagwe, naangalia.

Wiki ya wageni ikafika. Mke wa kijana akaleta mahindi kwa karai, ameshayanyunyizia maji, na mchi begani.

"Mama, nianze? Labda kitavumilia leo tu."

Nikainama nikaangalia. Ufa ulikuwa umefika karibu na kitako. Mapigo machache tu, kingekuwa vipande viwili. Na mimi sijawahi kuwapa wageni muthokoi ya mashine tangu niolewe. Kijana alikuwa amesimama mlangoni.

"Weka huo mchi chini," nikasema. "Mahindi yapelekwe kwa mashine sasa hivi, kabla foleni haijawa ndefu. Na kinu kiingizeni stoo, mbali na mvua na jua. Mtu yeyote asikitie maji tena, wala mafuta, wala dawa."