Chupa Nyuma ya Mlango wa Jikoni

Mama yangu anaishi Kuresoi, peke yake, na jikoni kwake kumejitenga na nyumba, upande wa shamba la viazi. Mimi nakaa mjini Nakuru, mtaa wa Kaptembwo, nauza mayai, na kwangu napika kwa gesi. Nasema hili mapema ili ieleweke kwamba mimi na moto wa kuni tuliachana zamani, na sikuwa na haja turudiane.

Mwaka juzi, mvua ikiwa imekataa kukatika, nilipanda kwenda kumwona. Asubuhi nilimkuta amechuchumaa mbele ya jiko. Ni jiko la udongo, lile la kufungwa, lenye mdomo mdogo wa kutia kuni na bomba la kutoa moshi. Kuni zilikuwa za saiprasi, mbichi, tena zimenyeshewa. Kwetu moto hauzimwi. Jioni makaa yanafukiwa kwa jivu ili yalale, na asubuhi unayafukua. Siku hiyo mama aligusa jivu juu juu, akalikuta limepoa, akasema moto umekufa. Akachukua chupa ya soda iliyokuwa nyuma ya mlango, akamimina mafuta taa ndani ya jiko.

Hakukuwaka kitu. Ulitoka moshi mweupe, mzito, ukaanza kujaa pale mdomoni. Moto uliokufa haufanyi hivyo. Chini ya jivu makaa yalikuwa macho, yanayachemsha yale mafuta, na mvuke wake ulikuwa umejaa mle ndani unangoja cheche tu. Na mama yangu, kitambaa cha nailoni kichwani na leso begani, alikuwa ameuona moshi, akajua moto haujafa, anainama apulize.

"Mama, toka hapo."

"Kwani kuna nini? Ngoja niuamshe."

Sikungoja. Nilimvuta mkono, tukaangukia magunia ya viazi wote wawili, na jiko likalipuka vuu. Ulimi wa moto ulitoka ukafika pale uso wake ulipokuwa, ukaramba ukuta, ukarudi ndani. Kisha kuni zikashika, zikawaka vizuri kabisa.

Mama akajikung'uta sketi. "Si umeona? Umewaka."

Hofu yangu ina tabia mbaya ya kugeuka hasira, nami nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Mama akanigeukia.

"Hilo la kufa unamwambia nani?"

Nikainama kuokota viazi vilivyomwagika.

Nilishuka Nakuru na ile chupa kwenye mfuko. Lakini kumnyang'anya mtu chupa si kumpa moto. Chai lazima angekunywa, na kule baridi haina mzaha, kwa hiyo nilijua atanunua mafuta mengine. Kila asubuhi nikifungua duka niliuona ule moshi mweupe. Nikimpigia simu akachelewa kushika, nilikaa juu ya kreti la soda mpaka nisikie sauti yake. Wateja walinionea huruma, wakadhani naumwa.

Basi nikaanza kutafuta kitu cha kuwashia, kiwe rahisi, na kisiniulie mama. Jirani yangu wa ploti alinishauri plastiki na vipande vya slipas za mpira kuukuu, vile wengi hapa wanawasha makaa. Nikajaribu huko nje. Ulitoka moshi mweusi wa kukera koo, nikakohoa hadi jioni. Matawi makavu ya saiprasi je? Yanashika haraka, ndiyo, lakini yanarusha cheche ovyo, nami nikakumbuka kile kitambaa cha nailoni. Nikabaki na magunzi ya mahindi, ambayo kila boma linayo na hakuna anayeyauza. Wako wanaoyaloweka kwenye mafuta taa. Ati hiyo ndiyo salama. Hiyo ni kuitoa chupa mlangoni na kuirudisha kwa dirisha.

Ya kwangu niliyachovya kwenye nta ya vipande vya mishumaa vinavyobaki stima zikipotea. Nta naiyeyusha kwenye mkebe uliosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana nta nayo inaweza kukuwakia, na mimi ni mwoga, sifichi. Kabla haijakauka nazungushia kila gunzi kipande cha trei ya mayai iliyoraruka. Trei nilikuwa nazitupa tu.

Niliyapeleka Kuresoi kwenye gunia. Mama akatoa moja, akaligeuzageuza.

"Haya ni magunzi au ni mayai? Usiache mbachao kwa msala upitao, ndivyo wanavyosema."

"Jaribu kwanza, mama. Lakini fukua jivu lote mpaka chini."

Akafukua, kwa kuninyamazisha tu. Akaweka gunzi, juu yake vibanzi vikavu, akawasha njiti ya kiberiti. Nilikuwa nimeshika sketi yake kwa nyuma, tayari kumvuta. Moto ukashika ukingo wa trei, ukatembea polepole kwenye nta, ukatulia. Vibanzi vikashika, kisha kuni. Mama hakuinuka.

"Halitaki kupulizwa?"

"Halitaki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Akasukuma kuni ndani kidogo.

"Ungeniletea mapema," akasema. "Mimi pumzi ya kupuliza sina tangu tulipovuna viazi vya mwisho. Kuni mbichi zinataka upulize mpaka machozi, na mimi nikipuliza kidogo naona giza. Kwa mafuta, pumzi moja inatosha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenihamishia Kaptembwo."

Ni kweli, ningemhamisha. Sketi yake bado ilikuwa mkononi mwangu, na sikuweza kuiachilia.

Nilimpeleka hospitalini. Walimpima kifua, wakasema ni moshi wa maisha yote, wakampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Alikataa kuhama. Magunzi nampelekea kila yakiisha, na chupa nyuma ya mlango haipo tena, nimekagua.

Bado nampigia kila asubuhi. Zamani niliuliza kama amewasha moto na amewasha na nini. Sasa nauliza habari ya viazi, ya mvua, ya ng'ombe, chochote cha kumfanya aongee kwa urefu, nami nasikiliza ni wapi atasimama kuvuta hewa. Juzi alikuwa ananisimulia jinsi ndama alivyoingia shambani mwa jirani, sauti yake ikakatika katikati ya neno. Nilishika simu kwa mikono miwili mpaka alipoendelea.