Bomba Lililonuka Moshi

Siku hizi ndege ndogo ya watalii ikipita juu ya kijiji chetu huku Tarime, mama huacha jembe na kuinua uso. "Ile ina kitu chetu," huwaambia majirani. Mimi huinama nikaendelea kupalilia.

Nilirudi kutoka mjini na ufundi wa plastiki na printa moja. Printa yangu haichapi karatasi. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka hadi kitu kisimame. Kwenye chumba changu pale Bomani, Tarime mjini, nilitengeneza gia za blenda na vishikio vya sufuria, watu wakanisifu wee, njaa ikabaki palepale. Ndipo fundi mkuu wa ndege za watalii, upande wa Natta kule Serengeti, akaniagiza bomba la kupeleka hewa ya kupoza injini. Alisema litafungwa kwanza kwenye injini ya majaribio iliyoko chini. Likistahimili, nitaajiriwa kwenye karakana yao. Nilishachoka kuambiwa nivuke mpaka wa Sirari nikatafute kazi Kenya kwa wajomba. Nilitaka kazi ya nyumbani, basi.

Uzi wa kazi hiyo ni mweusi, mgumu, na adui yake ni unyevu. Ukinywa maji, plastiki hutoka na mapovu na bomba hupasuka. Masika yalikuwa yameshika, umeme unakatika ovyo, na kikaushio changu bila umeme ni sanduku tu. Nikampelekea mama rola ya uzi, maana nyumba yake ina bati jipya. Nikamwambia neno moja: isipate unyevu.

Nilipoifuata niliikuta inaning'inia juu ya mafiga, katikati ya mbegu za wimbi. Ndivyo tunavyotunza mbegu kwetu; moshi hufukuza wadudu, joto hufukuza maji. Nilitaka kupiga kelele.

"Mbegu za bibi yako hazijawahi kuoza hapa, mwanangu," mama alisema. "Ije kuoza hiyo ya ndege?"

Niliufuta uzi wote masizi kwa kitambaa, nimenuna. Printa ilipoanza, sikuona povu hata moja. Bomba lilitoka laini, limenyooka. Lilinuka moshi tu.

"Shikamoo, mzee," nilimsalimu fundi mkuu, nikamkabidhi. Aliligeuza, akalinusa.

"Hii kitu mbona inanuka moshi?"

Nilimweleza kila kitu. Akawaita wenzake. "Njooni muone! Imekaushwa jikoni kwa mama yake!" Kisha akanigeukia. "Dada, ndege siyo sato wa kukaushwa kwa moshi."

Walicheka. Wangelifunga likavunjika mbele ya macho yangu, nisingekuwa na neno. Hawakulijaribu; nililiacha mezani kwao nikaondoka. Asiyekujua hakuthamini.

Kiangazi nilirudi pale kuuza vitasa vya milango ya kambi ya watalii. Jenereta lao lilikuwa linanguruma nyuma ya karakana, na bomba langu limefungwa kwa waya penye feni, linapitisha hewa ya moto.

"Liko hapo tangu ulipoondoka," fundi mkuu alisema bila haya. "Halina hata ufa. La dukani lilikuwa linayeyuka."

Nikamuuliza kuhusu kazi. Akasema mabomba ya ndege wameshaagiza nje.

Jioni mama alinipakulia ugali, akauliza kama nimeiona ndege yetu.

"Nimeiona."

"Inaruka?"

"Inaruka, mama."

Akatabasamu, akanyoosha mkono juu ya mafiga, akapapasa pale alipoacha nafasi ya rola nyingine.