Vifungo Thelathini na Sita

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kushona kifungo hata kimoja nyumbani kwake. Gauni alilikata nyumbani, akalishona nyumbani, akalipiga pasi nyumbani. Vifungo alivitia kwenye kopo la maziwa ya unga akaondoka navyo. Kila baada ya wiki mbili alipanda treni kwenda mji mkubwa kuwapelekea wateja nguo zao, saa tisa nzima njiani, na saa hizo tisa ndizo zilikuwa za vifungo. Siku moja nilimuuliza kwa nini asivimalize kabla ya safari kama watu wengine. Alinijibu kama anamjibu mtoto wa chekechea, ingawa mwalimu ni mimi.

"Nyumbani mkono una haraka. Kwenye treni mkono hauna pa kwenda."

Mtaani wanamwita Vifungo, na hajawahi kulikataa jina hilo.

Sitaki kuipamba ile treni ya zamani. Choo chake kilikuwa aibu, viti vya mbao viliacha alama mgongoni, na mende wake walikuwa wamezaliana humo vizazi na vizazi. Lakini viti vilitazamana. Dirisha ulilishusha kwa mkono wako mwenyewe. Na mtu aliyeketi mbele ya Shangazi alipewa sindano kabla hajamaliza salamu, kwa sababu macho ya Shangazi yalishaanza kumsaliti na kutunga uzi kulimshinda. Askari walimtungia, wauza vitunguu walimtungia, hata mkaguzi wa tiketi alisimama akatunga uzi kwanza ndipo akadai tiketi. Hakuna mteja aliyewahi kurudisha nguo kwa kifungo kilichong'oka.

Kisha ikaja treni mpya. Nyeupe, ndefu, pua imechongoka, na mabango kila ukuta: saa mbili na dakika arobaini, mji hadi mji. Ile ya zamani ikaondolewa bila hata kwaheri. Wiki hiyohiyo kitindamimba wa Shangazi, binamu yangu anayefanya kazi mji mkubwa, alikuwa amepanga kufunga ndoa kwa msajili, Ijumaa saa nane mchana. Gauni alitaka lishonwe na mama yake, si mwingine. Satini nyeupe, mgongo mzima vifungo, kutoka kiunoni hadi shingoni, thelathini na sita, kila kimoja kimevikwa kitambaa kilekile.

"Mama, msihangaike kuja jana yake," binamu yangu alisema kwenye simu. "Tiketi zenu za treni mpya nimeshanunua. Mnaondoka saa mbili asubuhi, saa tano haijafika mko kwangu."

Shangazi akapiga hesabu zake. Vifungo ishirini na tano kwenye treni, kumi na kimoja nyumbani kwa binti. Vitanzi vyote alishavishona, kilichobaki ni vifungo tu. Nilimwambia, "Shangazi, shona hata kumi leo." Akanitolea macho. Basi, nami nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Stesheni mpya wameijenga mbali na mji, kana kwamba abiria wananuka. Mlangoni pana mashine ya ukaguzi, unaweka mzigo upande huu unatokea upande wa pili. Kopo la Shangazi lilipopita, mashine ikalia. Mlinzi akalifungua, akatoa mkasi, kisha kibweta cha sindano, akavishika kwa vidole viwili.

"Mama, vitu vyenye ncha kali haviingii."

"Mwanangu, hizo ni sindano za kushonea."

"Ndiyo. Zina ncha."

"Sasa wewe ulitaka sindano butu?"

Foleni nzima ilicheka, yeye hakucheka. Akavitia mkasi na sindano kwenye mfuko wa plastiki, akaandika namba, akampa Shangazi kipande cha karatasi: atachukua akirudi. Nilipandisha sauti, nikamwuliza anadhani fundi wa miaka sitini na tano ataiteka nyara treni kwa sindano namba saba. Akasema mama mkubwa, sheria ni sheria. Mimi nina miaka arobaini na moja. Damu ilinichemka, lakini saa mbili ilikuwa inakaribia, na milango ya treni hii haimsubiri mtu.

Ndani kulikuwa na baridi kama ya chumba cha nyama. Viti vyote vinatazama mbele, kwa hiyo unachokiona ni kisogo cha mwenzako. Kila mtu alikuwa na vitu masikioni. Shangazi alilaza gauni mapajani likiwa ndani ya shuka safi, kopo la vifungo mkononi, akamgusa bega kijana wa mbele. "Samahani, baba, huna sindano?" Kijana akachomoa kitu kimoja sikioni, akasema hana, akakirudisha. Shangazi akageuka dirishani. Miti ilikuwa inapita mbio hadi huwezi kuihesabu. Mikono yake ilikaa juu ya shuka bila kazi, na mimi sijawahi kuiona mikono ile bila kazi.

Saa tatu na nusu treni ikapunguza mwendo, ikapunguza tena, ikasimama katikati ya pori. Taa zikazimika, baridi ikakatika. Kioo kidogo cha matangazo juu ya mlango, sijui kilipata wapi umeme, kiliendelea kutuonyesha: kasi, kilomita sifuri kwa saa. Chini yake: asante kwa kuchagua mwendokasi.

Sauti ikatuambia tatizo dogo linashughulikiwa. Nusu saa ikapita, saa nzima ikapita. Madirisha ya treni mpya hayafunguki, ni kioo tu kimegandishwa, na jua lilikuwa linatupika taratibu. Mzee mmoja alivua shati akabaki na fulana, wala hakuna aliyemlaumu. Simu zikaanza kuzima. Vitu vikatoka masikioni. Na hapo ndipo watu wakagundua kwamba wana majirani.

"Mama, ulikuwa unatafuta nini vile?" Yule kijana wa mbele alipiga magoti juu ya kiti chake, akatutazama.

Shangazi akafunua shuka. Behewa zima likasimama kuangalia ile satini. Nikawaeleza: harusi leo, saa nane, mgongo mtupu, vifungo vyote kwenye kopo, sindano ziko mlangoni kwenye mfuko wenye namba. Shangazi alikuwa anauma mdomo. Kile kilichomtesa kilionekana wazi kwa kila mtu: saa zake alizoibiwa na treni hii alikuwa amerudishiwa zote, tena bure, na hakuwa na kitu cha kuzifanyia kazi.

Watu wakapekua mikoba. Kikapatikana kijiti cha meno, vibanio vya karatasi, vibanio vya nywele, wembe hakuna, sindano hakuna. Hapo akapita mhudumu, msichana mwenye sketi ya sare iliyompwaya kiunoni. Akauliza kulikoni. Akaambiwa. Akaangalia nyuma, akaangalia mbele, akasema kwa sauti ya chini:

"Daraja la kwanza wanapewa pakiti za zawadi. Kuna kitana, kitambaa cha kufunika macho, na sindano yenye nyuzi."

Kwa muda hatukuamini masikio yetu. Fundi ananyang'anywa sindano zake mlangoni, halafu sindano zinagawiwa bure kwa watu wa daraja la kwanza, mabehewa ya mbele, ambao kifungo kikiwakatikia wanaajiri mtu. Mimi nilitukana. Sikutukana sana, lakini nilitukana, na mzee wa fulana alinipigia makofi.

Msichana alirudi na pakiti nne. Uzi mweupe ulikuwemo, mwembamba, vipande vifupi vifupi. Ilikuwa saa tano kamili. Yule kijana akatunga uzi, mzee wa fulana akaufunga fundo, mama mwenye mtoto akashika satini isiguse sakafu, na Shangazi akaanza kutoka chini, kiunoni, kama anavyoanza siku zote. Uzi aliukata kwa meno. Jasho lilimtiririka, nikawa nalifuta kabla halijadondoka kwenye gauni. Watu walihesabu kwa sauti. Kumi. Kumi na tano. Nikasema moyoni, hii treni iharibike mpaka vifungo viishe, halafu nikakumbuka saa nane nikajiona mwendawazimu. Tulihitaji isimame na tulihitaji iondoke.

Ilipofika saa sita na nusu alikuwa ameshona ishirini na tisa. Taa zikawaka, baridi ikarudi, treni ikajivuta. Hapohapo akaja msimamizi wa wahudumu, mtu wa tai, tuliyekuwa hatujamwona saa zote tatu za joto.

"Nani ametoa hizi? Mama, naomba sindano. Treni ikitembea hairuhusiwi."

"Zimebaki saba, mwanangu. Nusu saa tu."

"Usalama, mama."

"Na wale wa mbele, sindano zao umezikusanya?" niliuliza mimi.

"Wale wana tiketi za mbele."

Behewa zima lilimzomea. Akasimama pale pale na kiganja wazi, bila kupepesa macho, huku yule msichana amejibana mlangoni na kazi yake mkononi mwa mtu huyu. Shangazi alimwangalia yule msichana, si msimamizi. Kisha akaziweka sindano zote nne kwenye kiganja. "Asije akafukuzwa kwa ajili yangu," aliniambia baadaye, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Tulishuka saa nane kasoro dakika ishirini. Stesheni ya huko nayo iko porini. Teksi ilitumia dakika thelathini na tano, na dereva tulimkataza kusimama hata kununua maji. Kwa msajili tulimkuta binamu yangu koridoni, amevaa kanga na kandambili, nywele zimetengenezwa, macho mekundu. Wenye zamu ya saa nane na robo walishaingia. Msajili akachungulia: "Hao wakitoka, nawapa dakika kumi. Baada yenu wapo wengine, na ofisi ni ya wote."

Tukamvalisha kwenye chumba cha mafaili. Nikafunga vifungo, kimoja kimoja, kutoka kiunoni. Cha ishirini na tisa kikaishia chini ya mabega, na kuanzia hapo gauni likafunguka kama kitabu. Nikauliza ofisi nzima kama kuna sindano. Karani, kwa nia njema kabisa, akaleta stepla. Mwingine akaleta pini, Shangazi akasukuma mkono wake.

"Pini itachana satini. Sikulishona wiki tatu lije kuchanwa na pini."

"Mama, acha tu, nitafunika na kanga," alisema binamu yangu.

"Hutafunika na kanga." Shangazi akasogea nyuma yake, akakutanisha pande mbili za satini shingoni kwa vidole vya mkono wa kulia, akabana. "Twende."

Basi wakaingia hivyo, mtu na mama yake, hatua kwa hatua kama wamefungwa kamba. Bwana harusi alitabasamu akidhani ni mapenzi tu. Msajili akasema mama anaweza kuketi sasa. Shangazi akasema hawezi. Msajili akainua macho, akaona, akaendelea kusoma.

Kwenye picha zote mkono wa Shangazi uko kisogoni mwa bibi harusi. Watu wasiojua husema angalia mama anavyombariki mwanawe.

Ilipofika zamu ya mashahidi kutia sahihi, Shangazi ndiye aliyeandikwa shahidi wa upande wetu. Binamu yangu ikabidi arudi nyuma pamoja naye hadi mezani. Nikamwambia, "Shangazi, niachie mimi nibane, utie sahihi." Akatikisa kichwa. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, ambao haujawahi kuandika hata herufi, akaandika jina lake polepole, linapanda na kushuka, likatoka nje ya mstari. Msajili akalilinganisha na kitambulisho, akasema sahihi hazifanani.

"Hazifanani," Shangazi akamjibu. "Mkono wenyewe una kazi."