Baiskeli Ilibeba Mmoja

Nakumbuka asubuhi moja ya mafua, mwanangu, na tafadhali usinikatize, maana mtoto wako anakohoa hapo mgongoni kwako na mimi sina raha.

Uhuru wetu wa Burundi ulikuwa bado mpya hapa Rumonge, kando ya ziwa. Nilikuwa na watoto wawili: Mwajuma, mwembamba kama ufito, na mdogo wake Saidi, wa miaka mitatu, mnene hasa! Majirani walimwita Burugumesta, cheo cha mkuu wa komine, yaani tarafa yetu, kwa lile tumbo lake. Nami nilivimba kichwa. Mume wangu alikuwa akikamua mawese, na mafuta ya kwanza yalikuwa ya Saidi: namwagia kwenye uji asubuhi, kwenye bugali mchana, na akilia katikati namtia kijiko kingine. Akitaka kukimbia na wenzake ufukweni, nambeba asije akapungua. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Msemo huo niliujua, ila nilidhani ni wa wanawake wengine.

Mama mkwe wangu, Bi Zaituni, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alinitazama nikimlisha, akasema, "Weye, huyu mutoto unamulisha ao unamujaza? Akitembea kidogo tu anahema kama muzee. Umuache akimbie!"

Unajua nilimjibu nini? "Mama, shiba ya mwanangu inakuuma?" Mpaka leo jibu hilo linaniwasha.

Basi mafua yakaja kutoka upande wa Minago, nyumba kwa nyumba. Wanangu wote wawili wakaamka na homa na kikohozi. Baiskeli ya mume wangu ilibeba mgonjwa mmoja tu, na dispanseri, zahanati yetu, ilikuwa mbali. Sikufikiri mara mbili, nikamchukua Mwajuma. Nilisema, "Huyu hana nyama, atakufa. Saidi ana akiba mwilini." Bi Zaituni alishika usukani wa baiskeli. "Sikiliza namna huyu munene anavuta pumuzi! Muanze na yeye." Hatukumsikiliza.

Tuliporudi mchana, Mwajuma alikuwa akiomba ndizi. Saidi alikuwa ameketi mapajani mwa bibi yake, hawezi kulala chali, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa, midomo imegeuka rangi. Tukarudi mbio naye. Muuguzi alimsikiliza kifua, akatikisa kichwa. "Mama, huyu ndiye ungemutanguliza. Uzito ulikuwa unamubana pumuzi zamani. Homa imemukuta amechoka tayari."

Walijitahidi. Siku ya tatu tukamzika.

Ee Mola, nilimpenda mtoto yule! Huenda angekufa hata tungewahi, Mungu ndiye ajuaye. Lakini nilimwacha yeye nyumbani kwa sababu ya mashavu yake, na hilo nililifanya mimi. Majuto ni mjukuu, na wangu nimembeba miaka yote hii.

Kwa hiyo ukijigamba kwamba wako amenona na mafua hayamwezi, natamani kukuzaba kofi. Unene si ngao, mwanangu. Mpe samaki, mboga za lengalenga na maharage, mawese kidogo tu, na umwache akimbie mpaka atoke jasho. Usimcheke wala usimwite majina. Mtoto hajilishi mwenyewe, tunamlisha sisi. Na akishikwa na kifua, usiangalie mashavu. Weka sikio uisikie pumzi, na mnene umtangulize.

Haya, mbona bado umekaa? Kaza kitambaa ulichombebea mtoto uende dispanseri sasa hivi, chai utaikuta. Mungu akupe miguu myepesi, ampe huyo mdogo pumzi ndefu, na akurudishe mlangoni hapa ukiwa umembeba, mzito hivyo hivyo, akikulilia njaa.