Meja na Mchi wa Mama

Sisi tuliokulia Kwai, kule milimani, wakati wa Mwingereza tuliamshwa na mchi. Ukungu ungali bondeni, mama yangu yuko uani anatwanga mahindi, na humpiti bila kupiga goti na kusema shikamoo, hata kama unakimbilia chooni. Wajukuu wangu wanaamshwa na simu. Wanaizima, wanalala tena.

Baba alikuwa mtunza farasi wa Mzungu mwenye shamba, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kofia. Nyumba yetu ilikuwa mali ya shamba, imepakana na banda la farasi, ili farasi akikohoa baba asikie. Farasi mwenyewe aliitwa Meja. Alikuwa mwekundu, mrefu, hodari wa kuruka viunzi, na nyumbani mpole kabisa. Sasa mpandishe kwenye lori la kwenda mashindanoni uone. Lori likitembea, ametulia. Likisimama tu, anaanza kupiga mateke ubao wa ubavuni mpaka unapasuka. Baba alimfunga kitambaa machoni, alimning'inizia majani mabichi, alimwimbia. Kitambaa alikila.

Alipovunja ubao mara ya tatu, Bwana Kofia alimwita baba. "Juma, ubao ukivunjika tena, tafuta kazi kwingine." Kazi kwingine maana yake na nyumba kwingine, na migomba ya mama tuiache, na shule tuiache. Siku hiyo mama alisahau chumvi kwenye mboga, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mimi na dada yangu Zaina tulikuwa na siri. Mama akimaliza kutwanga na kupepeta, alitutuma tuwapelekee kuku pumba. Banda la kuku lilikuwa kule chini kwenye matope, na Meja alikuwa hapa hapa, kichwa nje ya dirisha. Basi tulimpa yeye. Midomo yake ilikuwa ya moto, inatekenya kiganja, tukicheka mpaka tunakaa chini. Mama alishangaa kuku wake hawanenepi, akamshuku jirani kuwa na jicho la husuda. Meja naye akisikia mchi alisimama wima, masikio mbele, akingoja haki yake. Na Bwana Kofia alikuwa amekataza farasi wake kulishwa chochote isipokuwa majani na shayiri.

Nilipima bakora na kuhama, nikaona heri bakora. Nikampigia baba magoti, nikasema yote, hata ya kuku, na jinsi Meja anavyotulia akisikia mchi. "Mchi?" baba akauliza. Aliyenichapa alikuwa mama. Baba alikuwa anacheka.

Mashindano yaliyofuata yalikuwa Mazinde, kule chini kwenye mkonge. Mama aligoma. "Mimi, mke wa mtu, nikatwange juu ya lori mbele ya Wazungu?" Baba akamjibu taratibu, "Basi anza kufunga vyombo." Mama akajifunga khanga mpya, akapanda na kinu chake, na sisi wawili tukiwa na ungo, upande wa pili wa boriti iliyotutenga na Meja. Tukashuka kona zote mpaka Mombo. Pale dereva akasimama kutia maji kwenye injini. Meja akainua mguu. Mama akashusha mchi. Mguu ukarudi chini polepole, masikio yakaja mbele. Baba alishika ubao akafumba macho, na nadhani alikuwa anaomba dua.

Uwanjani Wazungu walikuja kuchungulia lori linalotwanga. Mama hakuinua macho. Alimaliza debe zima.

Kisha Meja akaingia mashindanoni na Bwana Kofia mgongoni. Akaruka kiunzi cha kwanza, cha pili, cha tatu, watu wakapiga makofi. Ndipo mwanamke mmoja kwenye kambi ya wafanyakazi wa mkonge, ng'ambo ya uwanja, asiyejua lolote, akaanza kutwanga chakula chake cha mchana. Meja akasimama. Masikio mbele. Akageuka, akaruka uzio na Bwana wake juu, akaenda moja kwa moja mpaka uani kwa yule mwanamke, akatia mdomo kwenye ungo.

Hofu niliyoisikia siku ile sijaisikia tena. Mama alianza kunong'ona majina ya ndugu wa kutupokea. Bwana Kofia akarudi kwa miguu, kofia imepotea, pumba kwenye masharubu. Akalizunguka lori, akapapasa ubao mmoja baada ya mwingine. "Mzima," akasema. "Mimi nilisema ubao." Akapanda mbele, akafunga mlango.

Baba alifanya kazi pale mpaka alipozeeka, na mama alipanda lori kila mashindano, akiwasalimia Wazungu kama wenyeji wenzake. Pumba tukazigawa nusu kwa nusu, farasi na kuku.

Mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, kwani hamkuwa na mashine?" Unga wao unatoka dukani kwenye mfuko, na hadithi hii anasema nimeitunga. Kinu cha mama ninacho, jikoni, nyuma ya mtungi wa gesi. Siku moja moja nakitoa uani nikatwanga kidogo, nikipata ladha ya zamani. Nikichoka nasimama na pumba mkononi, na hakuna anayetoa kichwa dirishani.